Mradi wa Viwanja 20,000

Mradi wa Viwanja 20,000 ulikuwa mradi wa serikali ya Tanzania wa kutwaa, kupanga, kupima na kuuza viwanja vya makazi pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Ulianza katika mwaka wa fedha 2002/2003 chini ya wizara yenye dhamana ya ardhi, ikishirikiana na manispaa za Kinondoni, Ilala na Temeke. Jina lake linatokana na lengo la awali. Hadi unakamilika, viwanja vilivyopimwa vilizidi 30,000.

Mradi huu unakumbukwa zaidi kwa namna ulivyogharimiwa. Serikali haikutenga ruzuku ya bajeti wala haikusubiri mfadhili wa nje. Wizara ilikopa shilingi bilioni 8.9 kutoka Hazina, ikawalipa fidia wenye mashamba, ikapima viwanja, ikaviuza, kisha ikarudisha mkopo kutokana na mauzo. Katika nchi ambayo fidia ya ardhi mara nyingi hukwama kwa miaka kwa kukosa fedha, mpango huo ulionyesha kwamba ardhi ya mji inaweza kujilipia yenyewe. Ulionyesha pia ni nani anayebeba gharama pale hesabu inapolazimika kufunga.

Usuli

Dar es Salaam imekuwa miongoni mwa miji ya Afrika inayokua haraka. Katika sensa ya mwaka 2002 mkoa ulikuwa na watu wapatao milioni 2.5, sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541, na ile ya 2022 watu 5,383,728. Upimaji wa viwanja haukuwahi kwenda sambamba na ongezeko hilo. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wizara ilipokea maombi ya viwanja zaidi ya laki mbili kwa Dar es Salaam, lakini viwanja vilivyogawiwa havikufika 10,000. Waliobaki hawakukaa kungoja. Walinunua vipande vya mashamba kwa wenyeji, wakaandikishana mbele ya mjumbe au kiongozi wa serikali ya mtaa, wakajenga. Ndiyo maana zaidi ya theluthi mbili ya wakazi wa jiji waliishi katika maeneo yasiyopangwa, ambayo kwa kawaida huitwa makazi holela, ingawa wengi wa wakazi hao walilinunua eneo lao kwa fedha halali na wana karatasi za mauziano kabatini.

Jaribio kubwa la awali lilikuwa mradi wa viwanja na huduma ulioanza mwaka 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Maeneo ya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ni matunda yake: mitaa iliyonyooka, nafasi za shule na masoko, mabomba na barabara zilizowekwa kabla ya nyumba au pamoja nazo. Waliopewa viwanja waliweza kuomba mikopo ya ujenzi katika Benki ya Nyumba Tanzania. Fedha za nje zilipokwisha katika miaka ya 1980 mradi ulisimama, na benki yenyewe ilifungwa mwaka 1995. Halmashauri zikabaki na maofisa wa mipango miji, wapima na ramani, lakini bila fedha za kumlipa mtu mwenye minazi katika eneo lililochorwa kwenye ramani.

Kiwanja kilichopimwa kilipokuwa adimu namna hiyo, ugawaji wake ukawa mlango wa rushwa. Kupunguza rushwa hiyo kulikuwa miongoni mwa malengo yaliyotangazwa, pamoja na kupunguza uhaba wa viwanja na kuzuia ujenzi holela. Sambamba na mradi, serikali ilianza pia kutoa leseni za makazi kwa wakazi wa maeneo ambayo tayari yalikuwa yamejengwa bila mpango. Hatua hizo mbili zilikwenda pamoja: moja ilihusu mji uliokwisha kujengwa, nyingine mji uliokuwa unakuja.

Sheria ya kutwaa ardhi

Nchini Tanzania ardhi yote ni ya umma na imekabidhiwa kwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mtu binafsi humiliki haki ya kuitumia, ama kwa hati ya muda maalumu usiozidi miaka 99, ama kwa mila. Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya mwaka 1967 inampa Rais mamlaka ya kuitwaa ardhi kwa manufaa ya umma, na upanuzi wa mji umo ndani ya maana hiyo.

Kwa muda mrefu swali gumu lilikuwa kama ardhi tupu ina bei. Msimamo wa zamani ulikuwa kwamba anayeondolewa hulipwa maendelezo yake tu, yaani nyumba, miti na mazao; udongo wenyewe haukuhesabiwa. Mambo mawili yaliubadili msimamo huo. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, iliamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Mwaka uliofuata Sera ya Taifa ya Ardhi ilitamka kwamba ardhi ina thamani. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zikaweka kanuni ya fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati.

Kanuni za mwaka 2001 ndizo zilizoeleza fidia hiyo inavyokokotolewa. Msingi wake ni thamani ya soko ya ardhi pamoja na maendelezo yaliyomo. Juu yake huongezwa posho ya usumbufu, inayopatikana kwa kuzidisha thamani hiyo kwa wastani wa riba ambayo benki za biashara hulipa kwa amana za miezi 12. Mwenye nyumba anayoishi hulipwa posho ya malazi sawa na kodi ya pango ya miezi 36, na mwenye biashara hulipwa faida halisi ya miezi 36. Posho ya usafiri hukadiriwa kwa gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6, riba huanza kuhesabiwa. Fidia si lazima iwe fedha taslimu. Kanuni zinaruhusu kiwanja kingine chenye hadhi inayolingana, jengo, miche, hata mgao wa nafaka. Kwa kawaida, hata hivyo, hulipwa fedha.

Sheria hizi zilipanda bei ya kutwaa ardhi, na ni haki zilivyofanya hivyo. Lakini zilikuja katika kipindi ambacho halmashauri hazikuwa na akiba. Sheria ya Ardhi ilianzisha pia Mfuko wa Fidia ya Ardhi ili kuziba pengo hilo, lakini mfuko hulipa pale tu unapokuwa na kitu ndani yake. Mradi wa Viwanja 20,000 ulikuwa jibu la vitendo: itafutwe fedha ya kuanzia, ilipe fidia mapema, na viwanja vyenyewe viirudishe.

Fedha zilivyozunguka

Mkopo wa Hazina ulitumika kwa hatua zote za mwanzo: kuwatambua wenye mashamba, kuthamini mali zao, kulipa fidia, kuchora ramani za mipango miji, kupima na kuweka mawe ya mipaka, kuchonga barabara za udongo na kuandaa hati. Kila hatua ilihitaji fedha kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa. Hapo ndipo benki ya kawaida isingeweza kusaidia, kwa sababu benki hutaka rehani, na ardhi ambayo bado ni shamba la mtu mwingine haiwezi kuwekwa rehani na halmashauri.

Baada ya upimaji, viwanja vilitangazwa na wananchi wakajaza fomu za maombi. Aliyefanikiwa alilipa bei ya kiwanja pamoja na ada, akapewa barua ya toleo na baadaye hati. Bei iliwekwa kwa mita ya mraba, na ilitofautiana kwa eneo na kwa matumizi. Kiwanja cha biashara kilikuwa ghali kuliko cha makazi, na viwanja vya ujazo mkubwa, ambavyo ni vidogo na vimesongamana, vilikusudiwa watu wa kipato cha chini.

Ili kuelewa kwa nini bei ya kununulia ilizidi kwa mbali fidia iliyolipwa, tuchukue mfano wa kufikirika, ambao tarakimu zake si za mradi wenyewe. Serikali inatwaa hekta 10, yaani mita za mraba 100,000, kwa shilingi 300 kwa kila mita. Fidia ni shilingi milioni 30. Mipango, upimaji na barabara za udongo vinagharimu milioni 24, na jumla inakuwa milioni 54. Lakini si hekta zote 10 zinazouzwa: barabara, shule, zahanati, makaburi na viwanja vya wazi vinachukua, tuseme, asilimia 40. Zinabaki mita za mraba 60,000 za kubeba gharama yote. Kila mita basi lazima iuzwe shilingi 900 ili mkopo urudi, bila senti moja ya faida. Kiwanja cha mita 600 kinakuwa shilingi 540,000.

Mwenye shamba la ekari moja katika mfano huo, ambalo ni karibu mita za mraba 4,047, analipwa kwa ardhi yake takriban milioni 1.2, mbali na mazao na posho. Anaona mita aliyolipwa 300 ikiuzwa 900, na ni vigumu kumshawishi kwamba hapakuwa na faida. Akitaka kurudi palepale kama mnunuzi, fedha ya ekari nzima inamtosha viwanja viwili na hakibaki cha kununulia tofali. Kama fidia ingekuwa maradufu, yaani shilingi 600 kwa mita, bei ya kuuzia ingepanda hadi 1,400, na kiwanja kilekile kingefika 840,000. Hapo mnunuzi wa kipato cha chini ndiye angeachwa nje. Na kama fedha ya kuanzia ingekopwa kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, miaka miwili ya kungoja ingeongeza milioni 16.2 juu ya zile milioni 54 za awali, na bei ingefika shilingi 1,170 kwa mita bila mtu yeyote kuongezewa chochote shambani.

Kwa hiyo muda ni sehemu ya bei. Mradi unaolipa fidia leo na kuuza mwakani ni nafuu kwa pande zote kuliko unaothamini leo na kulipa baada ya miaka 5. Katika suala hilo Mradi wa Viwanja 20,000 ulifanya vizuri kuliko miradi mingi: viwanja viliuzwa haraka, waombaji walikuwa wengi kuliko viwanja, na mkopo wa Hazina ulirejeshwa. Ziada iliyopatikana iliwekwa katika mfuko wa mzunguko wa upimaji wa viwanja, ambao ulikopesha miji mingine ikiwamo Mwanza, Mbeya, Morogoro na Bagamoyo ifanye vivyo hivyo.

Maeneo

Maeneo ya mradi yaliuzunguka mji kama upinde, kaskazini, magharibi na kusini. Upande wa Kinondoni yalikuwa Bunju, Mivumoni na sehemu kadhaa za Mbweni, karibu na Barabara ya Bagamoyo na ufuko wa bahari. Katika Manispaa ya Ilala yalikuwa Buyuni na Mwanagati. Upande wa Temeke yalikuwa Toangoma, Kibada, Kisota na Mwongozo. Mwongozo uko jirani na Gezaulole, makazi ya kale ya pwani yaliyojulikana kwa jina la Mbwamaji kabla ya kufanywa kijiji cha ujamaa katika miaka ya 1970.

Mipaka ya utawala imebadilika tangu wakati huo. Kibada, Kisota na Mwongozo sasa vimo katika Wilaya ya Kigamboni, iliyomegwa kutoka Temeke wakati uleule Ubungo ilipomegwa kutoka Kinondoni. Hivyo msomaji wa nyaraka za zamani asishangae kukuta Kibada ikitajwa kuwa Temeke.

Maeneo haya hayakuwa mapori yasiyo na wenyewe. Yalikuwa mashamba ya minazi, mikorosho, miembe na mihogo, mengine ya wenyeji wa pwani, mengine ya wafanyakazi wa mjini walioyanunua miaka ya 1980 na 1990, kipindi ambacho mishahara haikutosha na shamba la pembeni ya mji lilikuwa akiba ya familia. Makundi haya mawili yaliingia katika mradi yakiwa na nguvu tofauti. Mfanyakazi wa mjini aliijua ofisi ya kwenda, na huenda alikuwa na jamaa ndani yake. Mzee aliyerithi shamba kwa baba yake mara nyingi hakuwa na karatasi hata moja, na ushahidi wake ulikuwa majirani na miti aliyoipanda.

Fidia na malalamiko

Malalamiko mengi yalihusu mambo matatu: kiwango, muda na taarifa.

Kiwango kilitegemea neno "soko". Mthamini hutafuta bei ambazo ardhi ya aina ileile imeuzwa karibuni katika eneo hilo. Pembezoni mwa Dar es Salaam mauziano mengi hufanyika kienyeji, na bei zinazoandikwa huwa chini ya zilizolipwa au haziandikwi kabisa. Zaidi ya hapo, shamba huthaminiwa kama shamba. Thamani inayokuja kwa sababu ya ramani, barabara na hati haimo katika hesabu ya fidia, kwa hoja kwamba imeletwa na mradi na si na mwenye shamba. Hoja hiyo inatumika katika nchi nyingi na ina mantiki yake. Lakini mwenye shamba naye ana hoja: mji ulikuwa unakuja kwake kwa vyovyote, na madalali walikuwa wamekwisha kuanza kumtembelea kabla ya mthamini. Kama angeachwa akate vipande viwili vitatu na kuviuza mwenyewe, kama walivyofanya majirani zake nje ya mpaka wa mradi, pengine angepata zaidi, ingawa mtaa wake ungebaki bila barabara wala uwanja wa shule.

Utwaaji ulikuwa na athari nyingine ambayo haionekani katika jedwali la fidia. Shamba lilikuwa chakula, nazi za kuuza na mahali pa kuzika. Fedha taslimu zinazolipwa kwa mkupuo hugawanyika haraka katika familia kubwa: ada za shule, deni, mabati, pikipiki. Wengi walioondolewa walihamia mbele zaidi ya mpaka wa mradi, wakanunua vipande visivyopimwa huko na kuanza upya. Kwa njia hiyo mradi uliokusudiwa kuzuia makazi holela uliyasogeza kwa kiasi fulani kilomita chache mbele. Jambo hili limeandikwa na watafiti wa Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam, wakiwamo J. M. Lusugga Kironde na Wilbard Kombe, ambao wamechunguza ardhi ya pembezoni mwa jiji kwa miaka mingi.

Kuhusu muda, mradi huu haukuwa mbaya zaidi. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni Kipawa, karibu na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, ambako nyumba zilithaminiwa mwaka 1997 na malipo kwa wengi yakaja baada ya zaidi ya miaka 10. Katika kipindi kama hicho mwenye nyumba hawezi kukarabati, hawezi kuuza, wala hawezi kukopa. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 ilijaribu kuziba mwanya huo: uthamini wa fidia usiolipwa ndani ya miaka 2 tangu uidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali hukoma, na kazi hulazimika kuanza upya kwa bei mpya. Inayotwaa ardhi bila fedha mkononi sasa inajua kwamba kesho italipa zaidi.

Huduma zilizochelewa

Bei ya kiwanja ilibeba fidia, upimaji na barabara za udongo. Haikubeba mabomba ya maji, nguzo za umeme, mifereji wala lami. Uamuzi huo ulizifanya bei zivumilike, lakini uliacha swali la huduma kwa mamlaka nyingine zenye bajeti na ratiba zao. Waliojenga mapema katika maeneo kama Buyuni na Mwongozo walichimba visima, wakanunua maji ya magari, na barabara nyingi zilizochongwa ziliota majani au kumomonyoka kabla nyumba za kutosha hazijajengwa kandokando yake.

Hapa ndipo tofauti na Sinza ya miaka ya 1970 ilipo. Sinza ilipata huduma kwa mkopo wa nje ambao wanunuzi wa viwanja hawakuulipa wote. Kibada na Bunju zilipata viwanja vinavyojilipia bila huduma. Hata hivyo, uchunguzi wa wachumi uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu miradi ya miaka ya 1970 na 1980 nchini Tanzania ulionyesha kwamba maeneo yaliyopangwa kabla ya kujengwa yamekuwa na nyumba bora na ardhi yenye thamani kubwa kuliko makazi yaliyokua bila mpango au yaliyoboreshwa baadaye. Mtaa ulionyooka hubaki umenyooka, na bomba likija miaka 15 baadaye linakuta pa kupita bila kubomoa nyumba ya mtu.

Wanunuzi

Viwanja vilinunuliwa zaidi na watu wa kipato cha kati na cha juu: watumishi wa umma, wafanyabiashara, wafanyakazi wa mashirika na Watanzania waishio nje. Sababu si upendeleo peke yake. Bei ilipaswa kulipwa taslimu na kwa muda mfupi, na wakati ule mikopo ya nyumba ya benki ilikuwa karibu haipo nchini tangu Benki ya Nyumba ilipofungwa. Mama lishe au fundi seremala angeweza kulipa jumla ileile kama angepewa miaka mitatu, lakini si kwa mkupuo. Hata viwanja vya ujazo mkubwa, vilivyokusudiwa watu kama hao, viliishia kwa kiasi kikubwa mikononi mwa wenye uwezo.

Baadhi ya wanunuzi hawakuwa na nia ya kujenga. Hati ya kumiliki ardhi humtaka mwenye kiwanja akiendeleze ndani ya miezi 36, lakini sharti hilo halikusimamiwa kwa ukali, na kodi ya pango la ardhi ilikuwa ndogo kiasi cha kutomsumbua anayekihifadhi. Viwanja vingi vilibaki vichaka kwa miaka, vikibadilisha mikono kwa bei iliyopanda kila mara. Faida ambayo mwenye shamba aliambiwa kwamba haipo ilijitokeza hapo, katika mauzo ya pili na ya tatu, na haikurudi kwake wala kwa mfuko wa mzunguko.

Baada ya mradi

Mafanikio ya kifedha yaliwapa viongozi ujasiri wa kupanga makubwa zaidi. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam. Mpango huo uligusa maeneo yenye wakazi wengi, na kwa muda wananchi walizuiwa kuuza na kuendeleza ardhi yao wakati fedha za fidia hazijapatikana. Tofauti na viwanja vya 2002 ilikuwa ya msingi: hapa ramani ilitangulia fedha. Wawekezaji waliotarajiwa hawakuja kwa kiwango kilichotarajiwa, na baada ya 2015 mpango huo uliachwa. Kilichojengwa ni daraja la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, ambalo lilipata fedha kwa njia nyingine kabisa: sehemu kubwa ilitolewa na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, na sehemu iliyobaki na serikali.

Wazo la mkopo unaozunguka halikufa. Katika mwaka wa fedha 2021/2022 serikali ilitenga shilingi bilioni 50 kuzikopesha halmashauri bila riba chini ya programu ya Kupanga, Kupima na Kumilikisha Ardhi. Utaratibu ni uleule: halmashauri hukopa, hulipa fidia au hukubaliana na wenye ardhi, hupima, huuza, kisha hurejesha ili halmashauri nyingine ikope. Urejeshaji ndio umekuwa mgumu. Halmashauri iliyouza viwanja mbali na barabara, au kwa bei isiyolingana na mifuko ya watu wake, hubaki na ramani nzuri na deni. Dar es Salaam ya 2002 ilikuwa na foleni ya wanunuzi wenye fedha. Mji mdogo wa wilaya hauna.

Makampuni binafsi nayo yameingia. Mengine hununua mashamba kwa makubaliano, huyapima na kuyauza kwa awamu, jambo lililowapa nafasi wanunuzi ambao mradi wa serikali uliwaacha. Mengine huingia mkataba na wenye mashamba bila kuwalipa fedha mwanzoni: kampuni hugharimia mipango na upimaji, na mwenye shamba huachia sehemu ya viwanja vinavyopatikana. Makubaliano ya namna hii yanafanana na utaratibu wa kuunganisha na kugawana upya ardhi unaotumika Japani, Korea Kusini na katika jimbo la Gujarat nchini India. Huko mwenye ardhi hurudishiwa kipande kidogo zaidi, lakini kilichopimwa na chenye barabara. Hitaji la mtaji wa kuanzia hupungua sana, na mwenye shamba hubaki na sehemu ya thamani inayoongezeka. Udhaifu wake ni kwamba unahitaji makubaliano ya majirani wengi kwa wakati mmoja, kumbukumbu zinazoaminika za nani ana nini, na mpatanishi ambaye pande zote zinamwamini. Katika mitaa ya Dar es Salaam ambako shamba moja limeuzwa mara mbili, au lina warithi saba, kupata saini za wote kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kulipa fidia.